Mwiko wa Jumatatu: Safari Yangu ya Runzewe

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya nyama. Naanza hivyo ili wale walionicheka mjini, wakidai Shija fundi baiskeli amewakimbia wateja wake, wajue ukweli. Kwetu hatukula nyama siku ya Jumatatu. Bibi yangu Nkwimba, aliyenilea, alinikataza tangu utotoni, na siku hiyo alipika mchuzi wa maziwa mgando, unga wa dengu na bizari, akauita kadi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Ndivyo tulivyo." Nikajua ni mwiko wa ukoo. Nikaushika, ingawa Jumatatu nyingi nilipita kwenye bucha nikimeza mate.

Mwanzoni mwa miaka ile ya sabini nilipeleka posa Tinde, kwa Mzee Ng'wandu, baba yake Milembe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipouliza mwiko wetu. Nikamtajia. Akaweka kikombe chini. Kumbe na wao hawali nyama Jumatatu, na wao wanapika kadi, kama walivyofundishwa na mama yake mzee, marehemu Bibi Kabula.

"Mwiko mmoja, damu moja," alisema Mzee Ng'wandu. "Siwezi kumwoza binti yangu kwa kaka yake."

Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mzee yule ni mbishi kuliko nati iliyoshika kutu, lakini ana haki. Alinipa wiki mbili nilete ushahidi kwamba bibi zetu hawakuwa ndugu. Bibi wenyewe walikwisha kufa wote wawili. Nilichobaki nacho ni neno moja tu: bibi yangu alipenda kusema kwamba kabla hajaolewa aliishi Masumbwe, kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na mke wa Mhindi huyo aliitwa Mama Jayanti.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipandisha baiskeli yangu juu ya basi la Kahama. Basi liliposimama Tinde nilichungulia dirishani, na Milembe alikuwa pale kando ya barabara na kifurushi cha michembe. Viazi vile vikavu vilikuwa bado na joto la jua la jana, au labda la mikono yake.

"Shija, usirudi na maneno ya kunifariji," aliniambia. "Rudi na ukweli."

"Na ukweli ukiwa mbaya?"

"Nitakuita kaka. Nitalia, halafu nitakuita kaka." Alijaribu kucheka. Nami niliogopa, sioni aibu kusema. Niliogopa njia nzima mpaka Kahama.

Ijumaa niliamkia barabara ya Masumbwe kwa baiskeli. Mchanga ulikuwa mwingi, nikawa nasukuma zaidi ya kuendesha. Porini, kwenye kizuizi cha mbung'o, askari mmoja alinisimamisha akaizunguka baiskeli na wavu wake, akitafuta mbung'o kwenye mgongo wangu na chini ya tandiko. Aliwapata watatu. Alifurahi kana kwamba amewinda nyati, akanipa maji ya kunywa na kunionyesha kijiji cha kulala.

Masumbwe nilifika Jumamosi mchana. Duka nililoelekezwa lilikuwa limefungwa, mlango umeshika vumbi. Barazani alikaa fundi cherehani, mtu wa makamo, akishona suruali ya mtu aliyekuwa akiingojea hapohapo amejifunga kanga.

"Mama Jayanti?" alisema fundi. "Yule Mhindi anayejua Kisumbwa kuliko mimi? Walihama. Mumewe alipofariki, mwanawe akafungua duka Runzewe. Mama yule akiondoka hapa alilia, na sisi tukalia. Nani atatutengenezea achari ya maembe?"

Basi nikaondoka tena Jumapili, nikalala Ushirombo, na Jumatatu saa tisa alasiri nikaingia Runzewe na miguu iliyokuwa haitaki kunisikiliza. Duka lilikuwa barabarani, limejaa chumvi, vitenge, majembe na taa za chemli. Nyuma ya kaunta alisimama mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, mnene, mchangamfu, ndiye Jayanti mwenyewe. Nilipomtajia jina la Nkwimba alinyanyua mabega, hakulijua. Lakini nyuma ya pazia sauti ya kikongwe iliita, "Nani amesema Nkwimba?"

Alitoka mwanamke mdogo wa mwili, mzee, amevaa sari nyeupe ya ujane. Niliinama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwadila, ng'wanawane." Alinisalimu kwa Kisukuma na kuniita mwanawe kabla hajanijua. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa Nkwimba, alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia. "Masikio ni yake," alisema. "Yeye je?" Nikamwambia amekwishafariki. Kabula naye je? Nikamwambia hivyohivyo. Alikaa kwenye gunia la chumvi, akajifuta macho kwa ncha ya sari.

Nilipoona amepumzika, nikauliza lile swali moja nililolibeba tangu Shinyanga. Nkwimba na Kabula walikuwa ndugu?

"Ndugu!" Mama Jayanti alishangaa. "Nkwimba mtoto wa wafugaji, ametoka Usukuma. Kabula Msumbwa, baba yake alirina asali. Walikutania jikoni kwangu."

Moyo wangu uliruka. Lakini nilijua Mzee Ng'wandu ataniuliza, na huo mwiko umetoka wapi? Nikamweleza mama habari ya Jumatatu na kadi, na posa iliyokwama. Jayanti alianza kucheka. Mama yake hakucheka hata kidogo.

"Leo Jumatatu," alisema. "Mimi sijala tangu asubuhi. Kaa chini."

Akanisimulia. Aliletwa kutoka Kathiawar, kule India, akiwa bi harusi wa miaka kumi na saba, kwa meli, kwa treni, kisha kwa lori mpaka Masumbwe, ambako mumewe alinunua nta na karanga, akauza chumvi na nguo. Hakuwa na mtu wa kusema naye. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa minzi, yaani maji, na mwezi mzima kila mteja aliyemsalimu alijibiwa "minzi!" Watu wakawa wanakuja dukani kusalimia tu. Dengu hazikupatikana huko, mumewe aliagiza kwa malori kutoka Shinyanga. Maziwa yalitoka kwa wafugaji. Hivyo ndivyo alivyoipata kadi ya kwao tena, kwa dengu za Shinyanga na maziwa ya ng'ombe wa jirani.

"Jayanti alipokuwa mchanga alishikwa na homa," aliendelea. "Hospitali ilikuwa mbali, na mvua ilikata njia. Nikaweka nadhiri kwa Mungu: kila Jumatatu nitafunga, jioni nile kadi na wali tu, mpaka mtoto apone. Nkwimba alichota maji nyumbani kwangu, Kabula alitwanga. Kufunga na kazi ile wasingeweza. Nkwimba akaniambia, 'Huwezi kufunga peke yako kana kwamba huna watu. Sisi tutaacha nyama.' Hawakuwa wa dini yangu. Mtoto hakuwa wao. Waliacha nyama."

Jayanti alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Sidhani aliwahi kuisikia habari hiyo.

"Mtoto akapona," nilisema.

"Si huyu hapa, ananenepa! Lakini nadhiri huhitimishwa kwa kuwalisha wale waliofunga nawe. Kabla sijapata mchele wa kutosha, Nkwimba aliolewa, akaenda. Kabula naye akaenda. Nikawangoja. Bado nafunga."

Bibi yangu aliishika Jumatatu maisha yake yote, na mama huyu naye, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anaendelea.

Jumanne asubuhi niliomba anipe barua ya kumpelekea Mzee Ng'wandu. Mama Jayanti alikataa. "Barua haili," alisema. "Nakwenda mwenyewe." Jayanti alimkumbusha mgongo wake na ubaya wa barabara, akaambiwa apakie mchele. Baiskeli yangu ikafungwa juu ya magunia ya gari lake, nami nikakaa nayo huko nyuma nikila vumbi mpaka Kahama, tukalala, na Jumatano tukaingia Tinde.

Mzee Ng'wandu alisikiliza yote bila kupepesa. Milembe alisimama kando, mikono kifuani. Mwishowe mzee alikohoa.

"Mama, nimekuelewa. Si damu. Lakini walipika pamoja, wakala chungu kimoja, wakashika mwiko mmoja. Kwetu hao ni ndugu. Mimi bado naona shaka."

Niliona Milembe akifumba macho. Nilitamani kumrukia yule mzee, mkwe au si mkwe. Mama Jayanti aliniwahi.

"Kama ni hivyo," alisema kwa Kisukuma, taratibu, "Kabula alikula chungu kimoja na mimi. Mwanangu alibebwa mgongoni kwake. Basi mimi ni wa nyumba hii. Ningeweza kukuita mwanangu, lakini leo najichagulia kuwa dada yako mkubwa. Dada wa baba ni nani kwa binti?"

Kila mtu pale alilijua jibu, na alijua kwamba kwenye ndoa ya binti neno la huyo halipingwi.

"Ni shangazi," alisema mzee hatimaye.

"Basi shangazi amesema waoane. Jiko liko wapi?"

Nilimwona Mzee Ng'wandu akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alicheka mpaka akashika goti. Jioni ile Mama Jayanti alipika kadi na wali, akatulisha mmoja mmoja kwa mkono wake, Milembe kwa niaba ya Kabula, mimi kwa niaba ya Nkwimba, akasoma maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Kadi yake ilikuwa na haradali, ambayo ya bibi haikuwa nayo. Nilipomeza, machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Wasomaji wangu wa nyumbani, wenye wazee waulizeni leo. Jambo ambalo mtu alifanya kwa kumpenda mwenzake, asipolieleza, wajukuu hulifanya sheria, na sheria hiyo ikawafungia mlango. Mimi nililalamikia Jumatatu miaka yote ile bila kujua kwamba nilikuwa naila huruma ya bibi yangu.

Harusi ilikuwa Jumamosi, baada ya mavuno ya pamba, na Mzee Ng'wandu alichinja ng'ombe. Ulipofika wakati wa mashangazi kumtoa bibi harusi nje, walisimama wanawake watatu, na aliyetangulia mbele amemshika Milembe mkono alikuwa amevaa sari nyeupe.