Mstari Ulioliwa na Redio

Cheka tu, lakini hata mtu wa kidato cha tatu ana enzi zake. Hawa wadogo zetu wa kidato cha kwanza, wanaolala na vidude masikioni kama wagonjwa waliotundikiwa dripu, wanadhani muziki ulizaliwa pamoja nao. Ninyi mliosoma nami shule ya msingi kule Kilema mnanielewa. Sisi tuliukuta muziki mtu mzima, una meno yote, unaishi ndani ya redio moja iliyovalishwa kitambaa cha kufuma, ikapendeza kuliko hata Bibi mwenyewe siku ya Pasaka.

Enzi hizo, asubuhi za Julai, ukungu ulikuwa unaingia darasani kabla ya mwalimu. Tulikwenda shule na ndoo ya samadi kichwani kwa ajili ya bustani, daftari kwapani, na ukichelewa unachapwa ukiwa unanuka hivyo hivyo. Jioni tulikalia magome ya mgomba tukateleza kutoka kwa jirani yetu Mama Kasiani hadi mferejini, na sketi ndiyo iliyolipa gharama. Bibi akiita anaita mara moja tu. "Manka," alikuwa ananiambia, "mimi si kengele ya kanisa. Sirudii." Unafika, kuna mtori wa ndizi wa moto, unakula kimya, na kama betri zina uhai kidogo, unasikiliza kanda.

Kanda yenyewe ilikuwa moja. Babu aliirekodi redioni kabla hajafa, zamani zile mashirika ya umma yalipokuwa na bendi zao, matarumbeta kibao, magita mengi, wanaume wamejazana kama kwenye kikao cha mahari. Katikati yao anaimba mwanamke mmoja, Yunisi. Wote wanapiga kelele, Yunisi akifungua mdomo wananyamaza. Bibi alipenda sana kipande hicho. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alikuwa anasema, akimwangalia baba yangu.

Sasa kanda yetu ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza, betri. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, na betri mpya zilinunuliwa Krismasi, ndugu wa mjini wanapokuja kutuonyesha viatu, na hao hao ndugu walizimaliza kwa taarifa za habari kabla kanda haijapata zamu. Miezi mingine yote tulikuwa tunazianika kwenye bati, tunazing'ata, tunaziombea. Redio ikawa inazunguka kwa uvivu, na sauti ya Yunisi ikawa inatoka nzito, taratibu, kama katekista mwenye mafua. Kwetu huo ndio ulikuwa uzuri wake. La pili, redio iliila kanda ile siku ileile iliporekodiwa. Babu alikata kipande kilichotafunwa, akaunga ncha kwa rangi ya kucha ya shangazi, na mstari mmoja wa wimbo ukaenda na maji ya mfereji. Kitongoji kizima kilijifunza wimbo kutoka kwenye kanda hiyo, kwa hiyo kitongoji kizima kiliimba hivi:

Nilikungoja njia panda hadi jua likazama,
nikarudi na mzigo wangu kichwani,
kesho nitapita tena, nimejifunga kanga mpya.

Tuliuimba tukichuma kahawa, tukauimba harusini, tukauimba hata kwenye matanga ya Babu mwenyewe. Bibi akifika kwenye mzigo kichwani alikuwa analia. Kila mara. Tulikuwa tumezoea, kama mvua za masika.

Basi ukafika mwaka wangu wa komunyo ya kwanza. Bibi akanipeleka Himo sokoni kutafuta gauni jeupe kwenye mitumba. Nikazamishwa kwenye fungu la nguo hadi kiunoni, Bibi naye anachambua huku anaimba. Muuzaji, mama mmoja mrefu mwenye lafudhi ya mikoa ya kati, alikuwa anakunja mashati. Akasema bila kuinua macho, "Mama, umeruka."

Bibi akageuka. "Nimeruka nini? Mtaro?"

"Mstari. Kabla ya kanga mpya kuna mstari."

"Wewe! Wimbo huu nauimba tangu hujajua kuuza nguo za Wazungu. Nani kakwambia kuna mstari?"

"Mimi ndiye niliyeuimba."

"Ahaa," Bibi akasema. "Na mimi ndiye mwenye huo mlima." Akauonyesha kwa kidevu.

Mimi nilicheka nikakaribia kumeza kola. Yule mama hakukasirika. Aliweka shati chini akauliza polepole, "Kwani wewe unayo kanda?" Alivyouliza, hata Bibi aliacha kuchambua. Akatueleza kuwa bendi ilivunjwa, shirika likasema mambo ya ngoma basi, kila mtu akashika njia yake. Yeye hakuwahi kupewa kanda hata moja. Kuna binti alikuwa amekaa nyuma yake juu ya robota, rika langu, anaitwa Neema. Akadakia, "Mama kila siku anatwambia alikuwa mwimbaji." Alisema vile unavyomsemea mtu anayedai aliwahi kumuua simba.

"Unamsikia?" mama yake akasema. "Wa kwangu mwenyewe."

Bibi si mtu wa kushindwa hadharani, lakini pia si mtu wa kumwacha mwanamke adharauliwe na mwanawe. Akachukua gauni, akatoa hukumu: "Jumapili, baada ya misa, njoo kwangu Kilema. Kama ni wewe, utaimba na kanda utaisikia. Kama si wewe, utakula ndizi uende zako. Na huyu mtoto uje naye."

Jumapili ile mimi ndiye niliyepokea komunyo, lakini nani alikuwa na habari na mimi? Nimevaa gauni lenye mikono kama maboga, nimesimama kwenye kihamba chetu, kati ya migomba, kama keki iliyosahaulika, watu wote wanaulizana, "Eti Yunisi anakuja?" Akaja kweli, kajifunga kanga safi, Neema nyuma yake ameinamisha uso. Akina mama wa jumuiya wakamkaribisha, shikamoo zikapita, machalari ya ndizi na nyama yakaliwa, pombe ya mbege ikazunguka. Kisha Bibi akasema, "Haya. Tusikie."

Akaimba. Jamani, ilikuwa sauti nyembamba, nyepesi, inayokwenda haraka. Na alipofika kwenye mzigo kichwani, akaingiza maneno tusiyowahi kuyasikia duniani. Sisi wote tulikuwa tayari tumeshaingia kwenye kanga mpya. Tukagongana naye kama ng'ombe mlangoni.

Mama Kasiani, sauti ya kwanza ya kwaya na ulimi wa kwanza wa kitongoji, akaweka kibuyu chini. "Huyu siye."

"Siye kabisa," mwingine akasema. "Yunisi wetu ana sauti nzito."

"Halafu kaongeza mstari! Wimbo wa watu unauongezea mstari kama unatia maji kwenye mbege?"

Watu wakacheka. Neema akamvuta mama yake kanga. "Mama, twende. Nilikwambia." Yule mama akasimama pale, mikono haijui pa kukaa. Angeondoka wakati ule, ndiyo ingekuwa imekwisha. Angerudi Himo akiwa mwongo mbele ya mtoto wake maisha yake yote, na kitongoji chetu kingemtia kwenye vichekesho hadi leo.

"Hakuna anayeondoka," Bibi akasema. "Nilisema kanda ataisikia."

Redio ikaletwa na kitambaa chake, nikabonyeza mimi. Yunisi wetu akaanza kunguruma kwa mafua yake. Mgeni akasikiliza, akashika mdomo, halafu akaangua kicheko hadi akakaa chini. "Mungu wangu! Mmenifanya mzee wa kanisa! Redio hii inakufa njaa! Nani ana betri?"

Tukatazamana. Katekista alikuwa na tochi mpya, na alikuwa anaipenda kuliko sisi waumini wake. Bibi alinyoosha tu mkono. Katekista akazitoa betri moja moja, kama mtu anayetoa meno.

Nikarudisha kanda mwanzo kwa kalamu ili tusizichoshe. Nikabonyeza. Matarumbeta yakaruka kama kuku waliofunguliwa, na kutoka katikati yake ikapanda sauti nyembamba, nyepesi, inayokwenda haraka. Hakuna aliyetafuna. Miaka yote tulikuwa na msichana ndani ya ile redio na hatukuwahi kumsikia. Mgeni alikuwa amefumba macho, anaimba naye chini chini, na sauti zilikuwa mama na mwana. Ikafika kwenye mzigo kichwani. Kanda ikaruka, sisi tukaruka nayo, yeye akabaki nyuma peke yake na mstari wake:

Sikulia mimi, kulia ni kazi ya mvua.

Neema alimwangalia mama yake kama anamwona anashuka kwenye ndege. "Ni wewe," akasema.

"Nilikuambia nini mimi?"

Bibi naye alikuwa amekwama kwenye jambo lake. "Ngoja kwanza. Kumbe yule mwanamke hakulia?"

"Hakulia, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alirudi nyumbani akafua kanga."

Bibi akageuka kututazama sote, amekasirika kweli. "Basi nimelia bure miaka yote!"

Mama Kasiani, ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa kiumbe chochote, akafuta midomo akasema, "Manka, rudisha nyuma. Mama Yunisi, tufundishe huo mstari." Nikarudisha. Safari hii, kabla tu ya ile rangi ya kucha, nikasimamisha kanda. Matarumbeta yakakatika hewani. Uwanja mzima, na Neema katikati kwa sauti ya juu kuliko wote, tukaimba mstari ule kwa midomo yetu. Nikaachia, bendi ikatupokea pale pale. Tulirudia hadi tochi ya katekista ikawa haina tena matumaini.

Bibi alimpelekea kanda Himo ikatolewa nakala, na nakala ikaruka vilevile, maana mashine haina huruma. Mama Yunisi aliipiga pale penye mitumba yake. Ukipita wakati wa mstari, unamwona Neema anabonyeza, mama yake anaimba, na wanunuzi wanaoijua kazi wanamsaidia.

Siku hizi umeme umefika hadi kwa Mama Kasiani. Huku bwenini kuna mdogo wangu wa kidato cha kwanza ana sidii ya nyimbo za zamani, na juzi nikausikia wimbo ule ndani yake, safi, mzima, mstari upo mahali pake. Anajua rangi ya viatu vya kila msanii wa sasa. Nikamwambia tuimbe. Akanishangaa: "Dada, si unaimba wenyewe?" Ni kweli, unaimba wenyewe. Umekamilika. Nilisimama pale kidole kikiwa tayari kubonyeza, nikangoja mahali pa kuingia, wimbo ukapita wote hadi mwisho bila kunihitaji.