Namba Nilizozikwangua

Kwa miaka mingi nilitengeneza redio za mawasiliano za boti za mizigo pale bandarini, na kila redio iliyotoka mezani kwangu ilitoka imekwanguliwa. Sisi mafundi wa zamani ndivyo tulivyofanya. Ukishabadilisha kile kidude cheusi chenye miguu mingi, unachukua msasa na kufuta namba iliyoandikwa mgongoni mwake, ili fundi mwingine asijue umeweka nini. Mteja akipata shida, arudi kwako tu. Tuliuita ulinzi wa kazi. Ulikuwa uchoyo.

Kisha boti zikaanza kuja na vifaa vipya vyenye skrini, vinavyomwonyesha nahodha njia ziwani hadi Kigoma. Niliitwa kwenye mafunzo mara mbili, nikakataa mara mbili. Nilisema mtu aliyemaliza sekondari na kushika kazi muda wote huu hafundishwi na watoto. Meza yangu ikapoa. Mwishowe nilibaki kubadilisha waya za pasi.

Mwaka jana nilivaa shati safi nikaenda Zone Industrielle, eneo la viwanda la mji wetu, kwa mama mmoja mwenye karakana ya inveta za umeme na vifaa vya boti. Nilimjua. Alipokuwa msichana alikuja kuniomba nimfundishe kazi, nikamfukuza, na kila alipopita nilijigeuza nikaficha meza. Sasa nilitaka yeye anifundishe, kabla sijafunga duka.

"Karibu mzee," alisema. "Umetuletea pasi?"

"Apana. Nimejileta mwenyewe. Nataka kujifunza."

Mafundi wake wawili waliacha kazi wakanitazama. Yeye alinisogezea redio iliyofunguliwa.

"Hii imenitesa siku tatu. Kuna mutu alikwangua namba. Angalia, uniambie ni mushenzi gani alifanya hivi."

Niliinama. Risasi iliyoyeyushwa kuunganishia miguu ya kile kidude ilikuwa imemaliziwa kwa kuzungushwa, kila nukta kama kichuguu kidogo. Mkono huo naujua. Ningeweza kunyamaza.

"Ni mimi," nilisema.

Fundi mmoja alicheka mpaka akashika meza. Mama naye alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

"Zamani mi nilikuwa napita pale nione mikono yako, naona mugongo tu. Leo umenifuata na mugongo wako mpaka huku?"

Nilimwomba radhi, na si kwa ajili ya redio tu. Kisha nikamtajia namba, kwa maana bado ninayo kichwani. Aliiandika kwenye simu. Papo hapo ukatokea mchoro wa kile kidude, kila mguu na kazi yake, wazi kwa mtu yeyote duniani. Siri yangu ya maisha. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

"Vuta kiti, mzee," alisema. "Lakini hapa anayejua anaonyesha."

Wiki ya kwanza niliunguza saketi mbili. Wananiita mwanafunzi, nami naitika. Juzi nilitengeneza inveta peke yangu, taa zikawaka zote, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi kama kijana. Mke wangu alinisikiliza nikisimulia mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini sikukubali miaka ile waliponiita.

Nilimwambia nilikuwa mjinga. Alisema hilo alilijua, akanipakulia maharage, nikaanza kumsimulia tena.