Radi Yangu Iliyokimbiza Watu Ukumbini

Leo ukumbi mzima umetoka mbio katikati ya filamu yangu, na sijawahi kuwa na furaha hivi.

Ngojeni niwaambie.

Nilikuwa naonyesha filamu yangu fupi hapa Muhuru Bay, kando ya Ziwa Victoria, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kanisa. Madirisha tuliyaziba na blanketi ili kuwe na giza. Waliojaa ni akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, na omena zao walikuwa wameanika nje. Zikinyeshewa zinaoza, kazi yote bure.

Sasa kwenye filamu radi ikapiga.

Mama Atieno wa mstari wa mbele akaruka. "Yawa, jameni! Omena!"

Wote wakamfuata. Viti chini. Nikabaki mimi, projekta na mchungaji. (Hata yeye alichungulia mlangoni.)

Nilitaka kulia. Miaka miwili ya kazi, jameni.

Halafu nikasikia vicheko nje. Jua kali, hata wingu moja hakuna.

Radi ilikuwa yangu! Niliirekodi mwenyewe kwa simu, nimejikunyata chini ya boti.

Wakarudi. Mama Atieno akaninyooshea kidole. "Wewe mtoto, umetukimbiza bure. Rudisha pale tulipoachia."

Nikarudisha.

Radi ikapiga tena.

Mama Atieno akainuka polepole akaenda kuchungulia nje.

Wale mlioniambia nichukue tu radi ya mtandaoni, mko wapi? Nawangoja hapo chini kwenye maoni.