Mama Sawa wa Tena

Asubuhi ya Jumanne Mwongeli Nyamai alipita mbele ya mafundi wa akala, viatu vya matairi, wa mtaa wa Tena, Nairobi, mara tatu, na hakuna aliyemsalimu. Mara ya tatu ndipo Lusweti, mkubwa wa mafundi hao, alipoinua macho kutoka kwenye tairi alilokuwa akilikata.

"Niaje, Mama Sawa!"

Wenzake wakaangua kicheko.

Jina hilo lilikuwa na umri wa siku mbili. Mwongeli, aliyekuwa karani wa shule kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuingia siasa, aliongoza chama kidogo chenye wawakilishi wanne, yeye akiwemo, katika bunge la kaunti. Chama kilijiunga na serikali ya mseto, naye akapewa uenyekiti wa kamati ya masoko. Jumapili, akitoka kanisani, alipigiwa simu na kiranja wa muungano. Kiranja alimwambia kwamba uwanja wa mafundi wa akala utafanywa maegesho ya magari, na hoja itapigiwa kura Jumanne. Mwongeli alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Kufikia jioni kiranja alikuwa ametangaza redioni kwamba Mwongeli amesema sawa, na chama chake kinaunga mkono.

Shiundu, mmoja wa wale wanne, hakumuuliza kitu. Aliwaambia wanahabari, "Kiongozi wetu ametuuza kwa sababu ya kiti cha kamati," kisha akaitisha mkutano wa kumng'oa, saa sita mchana wa Jumanne hiyo hiyo, kabla ya kura.

"Lusweti, wewe unajua sawa si kukubali," Mwongeli alisema. "Mtu akikushika kwa maneno marefu, unamwambia sawa ili akate simu."

"Mimi nikimwambia mteja sawa, kesho yake anakuja kuchukua viatu."

Mwongeli alifungua mkoba, akaufunga. Akatazama saa. Akaondoka bila kuaga, akarudi kuaga, akaondoka tena.

Njia nzima alikuwa akipanga utetezi wake, naye aliuona mzuri. Kila mtu Nairobi husema sawa kila siku bila kukubali lolote. Tatizo ni kwamba jibu la Lusweti halikumtoka kichwani.

Mkutano ulikuwa katika chumba cha juu ya duka la dawa. Shiundu, Mideva na Kweyu walikwisha kuketi. Yeye hakuweza kuketi. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mheshimiwa, jibu moja tu," Shiundu alisema. "Ulikubali au ulikataa?"

"Nilisema sawa."

"Hiyo tumeisikia mpaka redioni."

"Basi sikilizeni na hili. Nilijua atakavyoielewa. Nilitaka yeye asikie ndiyo, nanyi mkiniuliza niseme sikukubali. Niliogopa kupoteza kiti."

Hakuna aliyetarajia hayo. Kweyu alikohoa. "Leo angalau umesema Kiswahili kinachoeleweka."

"Haya, tumekusikia," Shiundu alisema, akimsogezea barua ya kujiuzulu uongozi. "Lakini hii bado utatia sahihi. Kiongozi wa chama hawezi kuwa na ndimi mbili."

Huo ulikuwa ukweli, hata kama Shiundu mwenyewe alikuwa amekitamani cheo hicho tangu mwaka wa kwanza wa chama. Mwongeli akatia sahihi.

Alasiri, spika alipouliza wanaopinga, Mwongeli alisema "La!" kabla swali halijaisha, kwa sauti iliyowafanya waheshimiwa wa upande wa pili wacheke. Wenzake watatu wakafuata. Kura zilipohesabiwa, hoja ilikuwa imeanguka kwa kura mbili.

Kiranja alimngoja ukumbini. "Mama, si ulisema sawa?"

"Nilisema. Nilikosea. Ilinipasa kukwambia la Jumapili hiyo hiyo."

"Kamati ya masoko utaisahau."

"Nimeshaisahau."

Hakuwa ameisahau. Aliikumbuka wiki nzima, pamoja na cheo ambacho sasa kilikuwa cha Shiundu, akawa anazungukazunguka nyumbani akigusa vitu asivyovihitaji. Jumamosi alikwenda kuchukua akala alizokuwa ameagiza mwezi uliopita. Mafundi walikuwa palepale. Lusweti alimvalisha mwenyewe.

"Zikoje, Mama Sawa?"

Neno lile la sawa lilimfikia ulimini. Mafundi wote waliacha kazi wakamtazama.

"Ya kushoto inabana," alisema. "Fungua mkanda huo, ufanye upya."

Lusweti alicheka, akachukua kisu.