Mkono wa Mastura Getini

Baba yangu mkubwa, Ildefons Karugendo, alikuwa fundi wa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa moja, ndogo, iliyoleta dawa na madaktari kwenye kiwanja cha nyasi cha misheni huku Muleba. Zamani aliingia humo na sanduku lake la vifaa kama anavyoingia kwenye migomba yake. Vita vya mwaka 1978 vilipoanza, sheria ikabadilika: kila chuma kinachoingia kiwanjani kikaguliwe, na kikitoka kikaguliwe tena. Vita vikaisha, sheria ikabaki.

Getini walilinda mgambo wawili kwa zamu, Ayubu na Mastura. Kila asubuhi walichomoa spana, bisibisi na koleo, kimoja kimoja, wakilinganisha na orodha. Jioni vivyo hivyo. Baba mkubwa aliichukia shughuli ile.

"Miaka yote hii nafunga injini," alinung'unika nyumbani, "leo napekuliwa kama mwizi wa kahawa."

Mwaka 1987 mkewe, Kokuberwa, akafariki. Alikuwa amekonda mwaka mzima, na kila mtu alijua jina la ugonjwa ingawa hakuna aliyelitamka msibani. Baada ya matanga, wenzake baba mkubwa waliokuwa wakinywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, katika kibuyu kimoja walimletea glasi ya peke yake. Kanisani benchi lake likawa na nafasi tele. Nyumbani kwetu sahani aliyolia chakula ilioshwa mara mbili. Nasema kwa aibu, maana aliyeiosha ni mimi.

Siku aliporudi kazini, zamu ilikuwa ya Ayubu. Ayubu hakugusa sanduku. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema, "Pita tu, mzee. Nakuamini."

Kwa miaka mingi baba mkubwa alikuwa ametamani kuambiwa hivyo. Alifika kwenye ndege, akakaa chini ya bawa, akashindwa hata kufungua kifuniko cha injini.

Kesho yake alikuwepo Mastura. Baba mkubwa akapita bila kusimama.

"Ta Ildefons, mzee wangu, unakwenda wapi?"

"Jana nimeruhusiwa."

"Na nani? Weka sanduku mezani."

"Mwanangu, vifaa hivi nimevishika mimi."

"Kwani zamani alivishika nani?"

Akachomoa spana ya kwanza, ina grisi bado, akaifuta kwa kiganja ili asome namba. Akaendelea hadi ya mwisho. Bisibisi moja ilikuwa na mpini uliopasuka. Akamwambia aufunge, usije ukamkata. Kisha akampa mkono, akamwita kwa neno letu la heshima.

"Kazi njema, waitu."

Baba mkubwa aliniambia kwamba alilia njia nzima hadi kwenye ndege, na siku hiyo alifanya kazi ya siku mbili. Wiki chache baadaye Ayubu naye, akiona haya mbele ya mwenzake, alirudi mezani kukagua.

Ugonjwa ulimpata baba mkubwa kweli. Mwaka 1991, akiwa amelazwa hospitali ya Rubya, alinituma kalamu na karatasi, nikaandika alichosema: "Mastura, watu walinihurumia kwa mbali. Wewe ulinikagua. Nilikuwa fundi mpaka siku yangu ya mwisho kazini kwa sababu yako. Asante sana."

Nilimpelekea barua hiyo siku tuliyoleta mwili wa baba mkubwa nyumbani. Mastura aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza mazishi ni saa ngapi.