Kitabu Kilichokataliwa Ufukweni Mfangano

Harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu, jua likiwakausha, ndiyo hunirudisha kisiwani Mfangano, na papo hapo nawaona wote waliokuwepo. Alikuwepo Dani Awuor, bibi yangu mzaa baba, maana sisi Wajaluo bibi tunamwita Dani. Alikuwepo mama yangu Perpetua, na mke mwenzake Yunia, ambaye naye nilimwita mama. Na alikuwepo shangazi Risper, kitindamimba wa Dani, aliyekuwa amerudi nyumbani msimu huo kutoka Homa Bay, alikofanya kazi kwa mwalimu mmoja. Mimi Konsolata nilikuwa mtoto wa kufukuza ndege wasile omena, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Risper alirudi na kitabu kilichong'oka jalada. Kilikuwa cha Kiswahili, naye alikisoma kila adhuhuri, kipande kwa kipande, akitueleza kwa Kijaluo huku wanawake wakigeuza omena. Kilisimulia habari za msichana wa Nairobi aliyeingia pangoni kujificha mvua, akatokea upande wa pili katika siku za babu wa babu zake, kwao kando ya ziwa, akampenda kijana mwenye mkuki. Risper alisoma kwa sauti laini, kama mtu anayebembeleza. Wenzake hawakubembelezeka. Yunia alitaka kujua inakuwaje msichana akae kwa watu mwezi mzima bila kushika jiwe la kusagia, na mbona hakuna aliyemfukuza. Mama akasema aliyeandika hakuuliza wazee chochote, kwa sababu kijana anatabasamu meno yote yanang'aa, na siku zile mwanamume mzima wa Kijaluo alikuwa ameng'olewa meno sita ya chini. Tangu hapo, kila Risper alipofika penye mapenzi, Yunia alishusha mdomo kuonyesha pengo, wakacheka hadi wakasahau kazi. Mimi pia sikukipenda. Msichana alilia kila ukurasa, na hakuna aliyekuwa amemchapa.

Dani hakucheka. Yeye alikuwa na swali moja tu: kijana ni wa ukoo gani? Risper alijibu kwamba kitabu hakisemi.

"Basi kitabu hakina habari," Dani akasema. "Msichana amerudi kwao, siku za babu zake, akapenda kijana wa kwao. Huyo si mchumba. Huyo ni babu yake."

Mama na Yunia wakaangua kicheko. Risper akakifunga kitabu, akasema kwa hasira kwamba mapenzi hayaulizi ukoo, na kwamba wazee wanaua watu kwa maswali. Alikitetea kupita kiasi. Hata mimi niliwaacha ndege wakala. Dani akamgeukia bintiye.

"Na wako je, mwanangu, ni wa wapi?"

Ndipo tukajua. Kulikuwa na kijana Homa Bay, Elisha, seremala, na kitabu kilikuwa cha kututayarisha masikio. Risper alimtaja baba yake Elisha, Nyakwaka, na babu yake, Odero. Dani akasema polepole kwamba Odero alizaliwa katika nyumba yetu, akahama kisiwa wakati wa njaa. Basi Elisha alikuwa ndugu yake Risper, na kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Yakaishia hapo. Risper hakurudi Homa Bay. Baadaye aliolewa Migori, na mtu mpole. Kitabu hakikumalizwa. Yunia alifungia omena kurasa zake.

Siku hizi nami niko Migori, kwa mjukuu wangu Brenda. Juzi alikuwa akisoma kwenye simu hadithi ya namna ile ile, ya mtu wa leo kurudi zamani akapenda, na chini yake maoni ya wasomaji. Nikamwambia anisomee. Wametukana kweli kweli. Mmoja analilia bando lake, mwingine anataka mwandishi naye arudi zamani abaki huko. Nilicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza ukoo. Wanatukana, wanahamia hadithi nyingine, na hasira yao haimnyang'anyi mtu mume.

Shangazi Risper yu hai, mjane, na kila nikimtembelea huniuliza kama mama yake alikuwa na hakika. Maana wapo wanaosema Odero hakuzaliwa kwetu, kwamba alikuja akiwa mtoto, mgeni aliyepewa shamba akahesabiwa wa nyumbani. Kama ni hivyo, Elisha hakuwa ndugu. Mimi nimeandika majina kama nilivyoyasikia. Ninyi watu wa Odero mlioko Homa Bay, kama nimekosea nisahihisheni, na mfanye upesi, kwa sababu anayeuliza amezeeka sana.