Saba Iliyoniingiza Chumbani kwa Baba Mkwe

Aibu yangu naitanguliza mwenyewe, maana watu wa mtaani kwetu Ilomba wakiwahi kuwasimulia wataitia chumvi mpaka ishindwe kulika: mimi hapa, mke wa mtu mwenye ndoa ya kanisani, nimewahi kujifungia kwenye chumba cha kulala cha baba mkwe wangu, mchana kweupe, mchungaji akiwa sebuleni na sahani ya pilau mapajani, na chanzo chake chote ni namba saba. Chekeni kwanza. Mkimaliza mniambie niendelee.

Mnanijua, mimi ni Mhehe wa Ilula, mtoto wa matenga ya nyanya pale barabarani, nikaolewa na Gwakisa, Mnyakyusa wa Mbeya, na jina langu ni Vumilia ingawa uvumilivu wenyewe sikupewa. Watani wetu wanasema Wahehe tuna hasira za karibu, nami siwabishii, maana nikianza kubisha nitabisha kwa hasira. Sasa kwenye ukoo wa Gwakisa bado wanashika mwiko wa zamani ambao familia nyingi zimeshauacha: mke wa mtoto wa kiume haonani na baba mkwe. Hamsalimii, hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na akisikia anakohoa kwenye korido anajifunika kanga na kujibana ukutani kama mjusi mpaka mzee apite. Ni hivyo hivyo mpaka siku mzee mwenyewe atakapoamua kukuita kwa jina lako mbele ya watu, na siku hiyo ndipo unapokuwa mtoto wa nyumba. Ukiuvunja mwiko kabla hajakuita, unarudishwa kwenu ukalete wazazi waje kuomba radhi, na mimi nikimfikiria baba yangu (Mhehe mwingine huyo) akiomba radhi Mbeya, nilikuwa najibana ukutani hata mzee asipokohoa.

Nilikuwa nautamani mwito ule, msione nafanya mzaha. Unaishi na watu, unapika chakula chao, unaombewa nao, halafu kuna mtu mmoja ndani ya nyumba unamjua kwa viatu vyake tu. Na sikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu mke wa shemeji yangu mkubwa, Mama Lugano, aliolewa kabla yangu, mtoto wake yuko sekondari, na yeye bado hajaitwa. Si kwamba mzee alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu wa haya, akaahirisha, akaahirisha tena, mwisho ikawa mazoea.

Lakini mimi nilikuwa na siri yangu kuhusu mzee. Mzee ni mstaafu wa reli na ugonjwa wake ni Sudoku, ule mchezo wa namba wa kwenye magazeti, mistari tisa ya kulala na safu tisa za kusimama, na kila mstari, kila safu na kila kisanduku cha tatu kwa tatu kiwe na namba moja mpaka tisa bila kujirudia. Na mimi ugonjwa wangu ndio huo huo. Nauza duka la dawa Mwanjelwa, wateja wakipungua nafungua simu nacheza, nilianza na zile nyepesi nikapanda mpaka zile ngumu ambazo namba hazikubali kujitokeza mpaka uzitege. Magazeti ya mzee yakishazeeka yanaletwa jikoni kuwashia moto, na kabla sijayatia kwenye kuni nilikuwa nayafungua naangalia alipokwama, kwa hiyo mtu nisiyemjua sura nilimjua akili yake yote. Alikuwa makini sana, alikuwa mvumilivu, ila akifika pagumu alikuwa anabahatisha, na mimi hilo linanichoma, kwa sababu Sudoku haibahatishwi. Ukibahatisha ukapatia hujashinda, umeokota.

Basi siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha wifi yangu wa mwisho. Nyumba imejaa, mchungaji yupo, wazee wa kanisa wapo, na jirani Mzee Sanga, Mkinga mmoja mwenye maneno, yupo na gazeti lake kwapani. Huyu alifanya kazi reli pamoja na baba mkwe, na kila Jumapili wanakaa na Sudoku ile ile, kila mtu na gazeti lake, anayemaliza kwanza anakula paja la kuku na mwenzake anapewa shingo. Hata kipaimara hakikuwazuia. Gazeti la mzee lilifika asubuhi likawekwa juu ya kigoda jikoni huku uani likisubiri mama mkwe alipeleke ndani, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, usio na dhambi yoyote ndani yake. Nilikuwa nimeachiwa sinia kubwa la unga wa sembe niuchekeche. Nikausawazisha kwa kiganja, nikachora mistari kwa kidole, nikainakili ile Sudoku kwenye unga, nikasema moyoni, nipotezee muda maharage yakiiva.

Mama Lugano akanitazama.

"We Vumilia, huo unga wa ugali au wa shule?"

"Dakika moja tu, dada."

Dakika gani! Ile Sudoku ilikuwa mbaya. Nilijaza namba chache za juu juu, ikagoma, nikaizunguka kila upande, maharage yakaungua kidogo (nikaongeza maji, hakuna aliyejua mpaka leo), mwisho nikaiona saba. Saba kwenye mstari wa pili ilikuwa na nafasi mbili tu, safu ya tatu au safu ya nane. Kwenye mstari wa sita nako, safu ya tatu au safu ya nane. Sasa fikirini: saba ya juu ikikaa kushoto, ya chini lazima ikae kulia, na ya juu ikikaa kulia, ya chini inakwenda kushoto, kwa hiyo vyovyote iwavyo safu zile mbili zimeshapata saba zake, na saba nyingine yoyote uliyokuwa unaiwazia humo unaifuta. Mimi naiita pembe nne. Nikafuta saba kwenye kichumba, yaani ile nafasi ya namba moja, cha chini kabisa cha safu ya nane, ikabaki nne peke yake, na baada ya nne ile namba zote zilizobaki zikaporomoka zenyewe. Nilimaliza nikapiga kigelegele, na Mama Lugano akasema labda moshi umenipanda kichwani.

Sasa dirisha la sebule linatazama uani, na tulikuwa tunasikia kila kitu. Nikamsikia mzee anasema, "Hapa hakuna njia. Hapa inabidi mtu abahatishe tu."

Mzee Sanga akacheka. "Bahatisha, bwana, shingo inakusubiri. Mimi mwenyewe nimebakiza kidogo."

Jamani. Damu ikanichemka. Mama mkwe alikuwa anatoka na sahani, nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, naomba mwambie baba asibahatishe, aangalie saba." Mama mkwe ni mtu mwema, akaenda akamwambia mbele ya wageni wote kwamba mkamwana anasema usibahatishe. Sebule nzima ikacheka, Mzee Sanga akauliza kama siku hizi rafiki yake anasaidiwa kufikiri na jikoni. Mzee akasema, "Mwambie saba nimeshaiangalia."

Mama akarudi. "Anasema ameiangalia."

"Mama, mwambie mstari wa pili na wa sita."

Akaenda, akarudi. "Anauliza wa pili kuanzia wapi."

"Juu, mama."

"Mwe bandu!" mama mkwe akasema, yaani jamani nyie watu, akatua sahani. "Mimi nina kuku kwenye mafuta, nyie mnanituma kama karani. Nendeni mkaambizane wenyewe!"

Alisema kwa kuchoka tu, lakini mimi nikalichukua neno lile kama kibali. Nikanawa? Sikunawa. Nikaingia korido na mikono yangu ya unga, nikasimama nyuma ya pazia la sebule, nikajiambia nachungulia tu gazeti, mzee simwangalii. Alikuwa amenipa mgongo, koti lake jeusi la kanisani limenyooka vizuri, gazeti kwenye meza mbele yake, na kalamu (siyo penseli, kalamu ya wino!) inateremka taratibu kuelekea kwenye kichumba cha chini kabisa cha safu ya nane, na mkono ule ulishaanza kuchora ile fimbo ya juu ya saba.

Sikumbuki kulivuka pazia. Nakumbuka nikiwa katikati ya sebule, mkono wangu mweupe umeshika bega la baba mkwe wangu, na sauti yangu mwenyewe inasema, "Siyo saba, baba! Saba zinakaa pembe nne, hapo ni nne!"

Mchungaji aliacha kutafuna. Gwakisa wangu alifumba macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Nikautoa mkono na alama ya vidole vyangu vyote ikabaki pale begani, nyeupe kwenye koti jeusi, na ndipo akili iliponirudia, nikajifunika kanga uso wote mpaka kidevuni nikaanza kurudi kinyumenyume, maana kumpa mgongo mzee nako ni kosa. Sasa mtu aliyejifunika kanga uso wote anaona nini? Nikapapasa, nikapata mlango, nikaingia, nikaufunga, nikasukuma komeo, nikashusha pumzi, nikajifunua.

Kitanda. Suruali za mzee zimetundikwa ukutani. Soksi.

Kama kumgusa kulikuwa kosa, chumbani kwake sijui kunaitwaje, hata Mama Lugano hakuwahi kunitajia adhabu yake kwa sababu hakuna mkamwana aliyewahi kufikia huko. Nilikaa chini sakafuni (kitanda nisingekigusa hata kwa dawa), nikaanza kulia na kupanga safari ya Ilula kichwani, nitamwambia nini mama, baba nitamwanzia wapi. Nje Mzee Sanga akasema, "Haya, mwenzetu, leo umeletewa jibu mpaka begani," lakini hakuna aliyecheka.

Halafu nikasikia kalamu.

Mnajua kalamu ikiandika kwenye gazeti lililo juu ya meza ya mbao inavyosikika. Ikaandika. Ikasimama. Ikaandika tena, haraka haraka, na mzee akaanza kunong'ona, "Nne... basi hapa tisa... ee, hapa mbili," na mimi nikaacha kulia nikaweka sikio mlangoni, maana nilikuwa najua kinachofuata na yeye alikuwa anakifuata sawasawa. Karibu na mwisho akasimama. Muda ukapita. Nikamsikia Mzee Sanga naye kalamu yake inakimbia.

Mzee akakohoa, akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeuliza ukuta, "Sasa tatu iende wapi?"

Na mimi, mhalifu, mvunja mwiko, niliyejifungia na soksi za watu, nikashindwa kunyamaza. "Mstari wa tano, kichumba cha mwisho kulia, baba!"

Kalamu ikaandika. Gazeti likapigwa mezani kwa kiganja, pa! Mzee akapaza sauti, "Nimemaliza! Sanga, kula shingo!"

Sebule ililipuka. Wazee wa kanisa walipiga makofi, mchungaji alisema haleluya, Mzee Sanga alikuwa anapiga kelele kwamba amecheza na timu mbili, na kwamba yeye naye kesho anamtafutia mwanawe Mhehe. Halafu ikatulia, na nikasikia viatu ninavyovijua vikija mpaka mlangoni.

"Vumilia."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Vumilia, mwanangu. Toka humo uje ukae na wenzako. Nimekuita mimi."

Nikafungua komeo. Sikujua macho niyaweke wapi, maana nilishazoea kuyaweka chini, lakini nikayainua, na alikuwa mzee mfupi mwenye macho ya kucheka na bega jeupe, akaniambia, "Ndaga fijo," asante sana kwa lugha yao, nikalia upya. Gwakisa alikuja kunishika mkono.

Na kabla sijakaa, mzee akageukia dirishani, akapaza sauti kuelekea uani, "Atupele! Nawe njoo. Siwezi kumwita mdogo nikamwacha mkubwa. Nimechelewa sana, mwanangu, unisamehe."

Atupele ndiye Mama Lugano. Aliingia na mwiko wa pilau mkononi, kanga imemteleza mabegani, akasimama pale mlangoni hajui afanye nini. Mama mkwe ndiye aliyempa kikombe cha chai, akamwambia mpelekee baba yako. Akampelekea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akamtazama usoni kwa muda mrefu mno. Aliporudi jikoni aliniambia kwa sauti ndogo, "Vumilia, kumbe Lugano amechukua sura ya babu yake yote. Miaka yote hii nauliza mtoto kafanana na nani."

Mimi nimeapa. Mlango nisioujua siufungui nikiwa nimejifunika, na unga ni wa ugali. Lakini Jumapili nakaa kiti cha pembeni yake, kalamu moja, gazeti moja, na akianza kubahatisha namgonga mkono.